Usalama wa mtaa: nani anamlinda nani, na nani analipa

Kwenye magrup ya wasap ya mitaa ya Dar kitu kinachogombanisha watu kuliko hata takataka ni mchango wa ulinzi. Mjumbe anaandika "ndugu wakazi tukumbushane, ulinzi shirikishi elfu tatu kwa kaya", wa kwanza anaweka dole gumba, wa pili anasema yeye ana mlinzi wake na fensi ya umeme kwa hiyo haimhusu, wa tatu anauliza polisi si wanalipwa kwa kodi yetu sasa mbona tunalipa mara mbili, wa nne ni mpangaji anasema aulizwe mwenye nyumba, halafu mama mmoja anauliza hao vijana wa ulinzi walikuwa wapi juzi alipoibiwa mtungi wa gesi. Grup linanyamaza. Baada ya siku mbili mjumbe anarudi na ujumbe uleule.

Ukiyasoma vizuri hayo majibu utaona watu hawagombanii elfu tatu. Kila mmoja ana picha yake ya usalama kichwani, mwingine anaona ni bidhaa ya kununua, mwingine anaona ni haki ya kudai, mwingine anaona ni kazi ya kufanya pamoja, na wote wana kaukweli kidogo, ndo maana ubishi hauishi. Mimi msimamo wangu niuseme mapema: usalama unaoununua peke yako kwa sehemu kubwa ni kumsogezea jirani hatari, na usalama unaojengwa pamoja una nguvu kweli lakini usipowekewa mipaka unageuka kuwa hatari yenyewe. Hapo katikati ndo penye kazi.

Kwanza tujiulize usalama wa nani. Kwa muda mrefu serikali zetu na za wenzetu zikisema usalama zilimaanisha mipaka ya nchi, jeshi, majasusi, na rais kulala salama. Mwaka 1994 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, kwenye ripoti yake ya maendeleo ya watu, likaja na hoja kwamba nchi inaweza kuwa salama kabisa kwenye ramani huku watu wake hawako salama hata jikoni kwao, kwa hiyo tupime usalama kwa mtu, na wakataja maeneo saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, mwili wa mtu, jamii yake na siasa. Mchumi Mpakistani Mahbub ul Haq ndo alikuwa nyuma ya hiyo ripoti. Wapo wanaolalamika kwamba ukipanua hivyo kila kitu kinakuwa usalama, mpaka bei ya nyanya, na malalamiko yao yana mantiki, lakini mwambie mama aliyekosa PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, na hela ya dawa kwamba shida yake siyo ya usalama uone atakavyokuangalia.

Katiba yetu ya 1977 kwenye ibara ya 8 inasema lengo kuu la serikali ni ustawi wa wananchi, na ibara ya 14 inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Soma tena, kutoka kwa jamii. Wakenya kwenye Katiba yao ya 2010 wamekwenda mbele zaidi, ibara ya 29 inamlinda mtu asipigwe wala kuteswa, na ya 43 inataja afya, makazi, chakula na maji kama haki. Kwenye karatasi hatujambo.

Jambo la pili linalochanganya watu ni kwamba kuwa salama na kujisikia salama siyo kitu kimoja. Mfano mzuri ni ule usiku wa mwanzoni mwa Januari 2015 pale Dar, wakati wa Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji. Taarifa za wakati ule zilisema kundi la vijana lilikuwa linatoka kuzika mwenzao aliyeuawa na wananchi kwa tuhuma za wizi, wakaanza kupora na kupiga watu njiani, maeneo machache tu ya Kinondoni. Lakini simu zikafanya kazi yake. Ndani ya saa chache jiji zima likawa linakimbia, maduka yanafungwa, watu wanashuka kwenye daladala wanakimbia bila kujua wanamkimbia nani, wengine waliapa wamewaona Panya Road sehemu ambazo hapakuwa na mtu. Kwa hiyo hofu ilikuwa kubwa kuliko tukio. Halafu Septemba 2022 vijana wa namna hiyo wakarudi na mapanga, wakaingia nyumba za watu, Kawe akauawa binti mwanafunzi wa chuo, na hapo hofu na tukio vikalingana. Mtu anayepanga ulinzi lazima ajue anatibu kipi, maana hofu unaitibu kwa taarifa sahihi na taa za barabarani, na panga haulitibu kwa tangazo.

Na angalia hapo kwenye 2015 mnyororo ulivyoanza: wananchi waliua kijana kwa sababu ya usalama, na mauaji hayohayo yakazaa usiku mbaya kuliko wizi wenyewe. Nitarudi huko.

Sasa twende Usukumani, maana huko ndo kuna somo la ulinzi wa pamoja ambalo nadhani nchi nyingi hazina. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi ilibaki hoi. Hela hakuna, sabuni hakuna, polisi hawana gari wala mafuta, na silaha za vita zimeanza kuzunguka mitaani. Wezi wa ng'ombe waliokuwa wanakuja na mikuki wakaanza kuja na bunduki. Kwa Msukuma na Mnyamwezi ng'ombe ni benki, ni mahari, ni ada ya shule, kwa hiyo anayekuibia kundi zima kwa usiku mmoja amekufilisi wewe na wanao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia upande wa Kahama na majirani zake, wazee wakakaa wakasema serikali haiji, tujilinde wenyewe, na ndo likazaliwa sungusungu, au basalama kama walivyojiita.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi na mkali. Kila mwanaume anatakiwa awe na upinde, mishale na filimbi. Ng'ombe wakichukuliwa usiku, mwenye zizi anapiga filimbi na yowe, mwano wanaita wao, jirani akisikia naye anapuliza, na yule wa mbele naye anapuliza, kwa hiyo sauti inakimbia kijiji hadi kijiji kuliko mwizi anavyoweza kuswaga ng'ombe, na vijana wa kila kijiji wanatoka na kufuata kwato. Ng'ombe hakimbii kimyakimya, anaacha alama, na mbele yake kuna watu wameshaamka. Bunduki moja inafanya nini mbele ya vijiji vitano vyenye mishale? Uongozi wakajiwekea wenyewe, wa juu anaitwa ntemi, jina la watawala wa zamani, na wasaidizi wake. Asiyetoka filimbi ikilia anapigwa faini, na akikaidi anatengwa, hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, hakuna kumsaidia shambani wala kumzikia. Kwa mtu wa kijijini kutengwa kunauma kuliko jela, jela angalau kuna watu wa kuongea nao.

Wizi wa ng'ombe ukapungua kwa kasi ambayo polisi hawakuwahi kuifikia. Chama tawala, CCM, kikawapenda, Mwalimu Nyerere mwenyewe akawaunga mkono, wakati polisi na mahakama walikuwa wanawaangalia kwa jicho la pembeni, maana walikuwa wanakamata, wanahukumu na kupiga faini bila sheria yoyote nyuma yao, na baadhi ya viongozi wao wakajikuta mahakamani wao wenyewe. Mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo na sungusungu wakapewa nguvu ya kukamata kama ya konstebo wa polisi. Miaka ya mwanzo ya 90 Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani akausukuma huo utaratibu nchi nzima, mpaka mijini, na vituo vidogo vya polisi vikaota kila mtaa, vingine bado unaviona hadi leo vimebaki kuta tu.

Hiyo ndo stori inayopendwa kusimuliwa. Upande wa pili hausimuliwi sana. Usukumani hukohuko kuna vikongwe waliofukuzwa vijijini au kuuawa wakisingiziwa uchawi, mara nyingi bibi ana macho mekundu kwa sababu amepikia kuni na mavi ya ng'ombe kwenye kijumba cha moshi miaka hamsini, na sungusungu sehemu nyingine walikuwa sehemu ya hilo. Kutengwa kulekule kulikomfunza mvivu kutoka na upinde kulitumika kumfukuza mjane, na shamba lake likabaki kwa shemeji. Yaani kikundi chenye nguvu ya kumlinda mtu kijijini kina nguvu hiyohiyo ya kumuumiza, na kinachotofautisha ni kama kuna mtu nje ya kikundi wa kukiuliza. Kwa yule bibi hakuwepo. Polisi mbali, mahakama mbali zaidi, na mwenyekiti wa kijiji ni mtoto wa kaka yake yule anayemtuhumu.

Mtu atasema basi tuwaachie polisi tu kazi yao. Shida ni kwamba polisi bila wananchi ni kipofu. TANU, chama tawala cha wakati ule kilichokuja kuwa CCM, waliligundua hilo mapema, katikati ya miaka ya 1960 wakaweka mashina ya nyumba kumi na balozi wake, balozi akawa anajua nani amehamia, nani amepokea mgeni, nani ghafla amenunua redio mbili. Ilikuwa na faida zake, lakini balozi alikuwa ni wa chama, na chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo macho yanayomwangalia mwizi yalikuwa yanamwangalia pia anayesema vibaya juu ya serikali. Baada ya 1992 vyama vilivyokuwa vingi balozi akabaki wa CCM na kazi za serikali zikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ingawa huko mitaani watu wengi mpaka leo wakisema mjumbe hawajui wanamaanisha yupi, na yeye hajitofautishi. Kenya nao baada ya shambulio la jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa pale, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza Nyumba Kumi, wazo wakachukua kwetu. Lilipokewa vibaya sehemu nyingi kwa sababu moja ya wazi kabisa, kwenye apatimenti ya Nairobi watu hawajuani, na kwenye mitaa ya vijana wengi anayepeleka taarifa polisi anaogopa taarifa itamfikia mtuhumiwa kabla ya jioni.

Hiyo hofu siyo ya kufikirika. Kumbuka Kibiti, Mkuranga na Rufiji, kule mkoa wa Pwani, 2016 na 2017. Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa siku moja kwa kuviziwa, lakini kabla na baada ya hapo waliokuwa wanauawa mmojammoja ni wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, wajumbe, watu wadogo kabisa wa serikali. Wauaji walijua wanafanya nini, walikuwa wanang'oa macho. Baadhi ya viongozi wakahama nyumba zao, wananchi wakafunga midomo, maana ukiongea upande huu wanakuja usiku, ukinyamaza upande wa pili wanakuja mchana na kukuuliza kwanini umenyamaza. Mvuvi au mkata mkaa wa Rufiji kipindi kile alikuwa kati ya hofu mbili, na anayezungumzia ulinzi shirikishi kama kitu cha kuhamasisha kwa semina na fulana hajakaa mahali pa namna hiyo.

Turudi mjini, kwa yule wa fensi ya umeme. Mwenye uwezo amejibu swali la usalama kwa ukuta. Zamani ilikuwa michongoma, ikaja seng'enge, ikaja ukuta wenye vipande vya chupa vimepachikwa kwenye zege juu, sasa hivi nyaya za umeme na kamera, na geti la chuma zito huoni hata miguu ya mtu aliye ndani. Simlaumu, ukishavamiwa mara moja unajenga. Ila angalia ukuta unafanya nini. Mwizi aliyepanga kuingia usiku huo haendi kulala kwa sababu wewe umejenga, anahamia nyumba ya pili ambayo haijajenga. Na barabara iliyokuwa na madirisha yanayoangalia nje, na watoto wanacheza na bibi amekaa barazani, sasa ni kichochoro cha kuta mbili, ukikabwa pale ukapigwa roba hakuna anayekuona, na ukipiga kelele anayekusikia atawasha kamera aangalie kwanza. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani Dar sababu zilizotolewa zilikuwa za usafi na mpangilio, sitaki kuzibishia hapa, lakini wauza chipsi na mama wa vitumbua na kijana wa kuchaji simu walikuwa macho ya bure ya barabara mpaka saa sita usiku, na wanawake wanaorudi zamu ya usiku ndo wanaojua tofauti. Wakenya wale wa mitaa ya mabanda wana minara mirefu ya taa wanaiita mulika mwizi, jina limebeba sera nzima, na kwa maoni yangu taa moja ya namna hiyo inayowaka kweli ni bora kuliko kuta ishirini, kwa sababu inamwangazia na yule asiye na hela ya ukuta.

Halafu ndani ya geti kuna mlinzi. Tumuangalie naye kidogo, siyo kila siku yeye tu atuangalie sisi. Anaingia lindo saa kumi na mbili jioni. Ana kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja umeungwa kwa waya, rungu, tochi ya betri zinazokaribia kuisha, na daftari la wageni lenye peni imefungwa kamba ili isiibiwe, jina, namba ya simu, unaenda kwa nani, sahihi, na wageni wanaandika chochote, kuna ukurasa ukiusoma utakuta Juma Juma mara nne. Kama ni Mmasai ana shuka, fimbo na sime badala ya sare, na mwenye nyumba anajisikia salama zaidi kwa sababu ya sifa za Wamasai kuliko kwa sababu ya mkataba, maana mkataba hakuna. Saa nane za usiku anazunguka, anagonga nguzo ya umeme kwa rungu, ngo ngo ngo, tajiri aliye ndani ajue hajalala. Mwizi naye anasikia, na akili yake ni nzuri tu, anajua mlinzi yuko kona ipi.

Kwa mshahara anaolipwa, tena wengine unacheleweshwa, huyu mtu amewekwa asimame mbele ya panga kwa ajili ya televisheni ambayo hawezi kuinunua. Nyumbani kwake Mbagala au Gongo la Mboto usiku huo mkewe na watoto wako wenyewe, mlango wa mbao, kofuli dogo, hakuna taa. Kenya walitunga sheria ya kusimamia ulinzi binafsi mwaka 2016, ikaja mamlaka yake, na mvutano wa kima cha chini cha mshahara wa walinzi umefika mpaka mahakamani. Huku wengi wetu tunaendelea kushangaa kwanini mlinzi ndo aliyewaonyesha wezi njia. Mimi simtetei anayeiba, nasema tu ukimpa mtu funguo za maisha yako na ukamlipa hela isiyofika tarehe kumi umeshaunda udhaifu wa kwanza wa ulinzi wako mwenyewe.

Sasa lile la mwizi kuchomwa. Magazeti yana maneno yake, "wananchi wenye hasira kali", kama vile hasira ndo iliyobeba tairi na petroli. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa miaka mingi zimetaja mamia ya watu wanaouawa hivyo kwa mwaka, na wengine siyo wezi kabisa, ni mtu aliyegombana na bodaboda, au aliyepotea njia usiku kwenye mtaa asiojulikana, au mgonjwa wa akili. Ukiwauliza walioshiriki kwa utulivu, siku nyingine, jibu ni moja: tukimpeleka kituoni kesho yupo mtaani anatucheka.

Hapo kuna fundo ambalo hakuna anayelifungua kwa wananchi. Huyo mtu kurudi mtaani mara nyingi siyo rushwa, ingawa rushwa ipo, ni dhamana, na dhamana ni haki yake kwa makosa mengi kwa sababu bado hajakutwa na hatia. Unyang'anyi wa kutumia silaha ndo hauna dhamana, na ukithibitika ni miaka 30. Lakini aliyeiba simu au kuku atatoka, kesi inaendelea. Na kesi ndo inapofia. Mlalamikaji amechukua RB, ile namba ya taarifa ya kituoni, ameandika maelezo, anaambiwa njoo tarehe fulani, anakwenda anakuta upelelezi haujakamilika, inaahirishwa, anakwenda tena hakimu yuko semina, mara ya tatu nauli imeisha na bosi amechoka na ruhusa zake, haendi. Shahidi hakuna, kesi inafutwa, mtuhumiwa anatoka moja kwa moja, na mtaa unasema si tulisema. Kwa hiyo wale waliobeba tairi wanadhani wanaziba pengo la polisi kumbe pengo liko kwenye nauli ya shahidi. Mimi hela ya ulinzi ya mtaa ningeigawa, sehemu iende kwa vijana wa doria na filimbi zao, sehemu iende kwenye taa, na sehemu iwe mfuko wa kumpeleka shahidi mahakama ya mwanzo mpaka hukumu isomwe. Nimewahi kulisema hili kwenye mkutano wa mtaa, mzee mmoja akaniambia wewe kijana unataka tumlipie nauli mtu akashinde mahakamani wakati mwizi tunaye hapahapa, na watu wakacheka, na nilielewa kabisa kwanini wanacheka.

Kuna wakati usalama wenyewe unakuwa kifungo cha anayelindwa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007 hivi, watoto walikusanywa kwenye vituo na shule za bweni kama Buhangija pale Shinyanga na Kabanga kule Kasulu. Ilikuwa sahihi kwa dharura, waliokoka. Lakini dharura ikawa miaka, likizo wenzao wanarudi nyumbani wao wanabaki, wengine wakasahau hata lugha ya bibi yao na sura ya mama. Waliotenda walikuwa nje huru na mtoto ndo alikuwa ndani ya ukuta. Waziri Mkuu Pinda mwaka 2009 alitamka kwamba wauaji hao nao wauawe, ikawa kelele, akajieleza bungeni huku analia machozi. Nadhani machozi yalikuwa ya kweli. Ila hata kiongozi wa pili au wa tatu wa nchi alipobanwa kweli alikwenda palepale kwa wananchi wenye hasira kali, na hiyo inakuonyesha mahakama zetu tunaziamini kiasi gani.

Usalama wa tumbo na wa ugonjwa nitaupita haraka kwa sababu kila msomaji anaujua kwa ngozi yake. Mtu mmoja akilazwa wiki mbili familia inauza kiwanja. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwishoni mwa 2023, tunasubiri ifike kwa mkaanga samaki. Kwa sasa bima halisi ya Watanzania wengi ni kikundi cha kufa na kuzikana, kijora kimoja, daftari la mweka hazina, elfu mbili mbili za Jumapili, na ukweli ni kwamba vile vikundi vinalinda watu kuliko kampuni nyingi za ulinzi, maana kijana ambaye msiba wa baba yake ulizikwa na mtaa anaona aibu kidogo kuuibia mtaa huohuo. Kidogo, sisemi sana.

Limebaki lile ambalo kwenye grup la mtaa hakuna anayeliandika, na akiliandika wanalifuta: inakuwaje anayeogopwa ni yuleyule aliyepewa kazi ya kulinda? Septemba 2024 Ali Kibao, kada wa chama cha upinzani cha Chadema, alishushwa na watu wenye silaha kwenye basi akiwa safarini kwenda Tanga, mbele ya abiria, kesho yake mwili wake ukapatikana Ununio, Dar. Rais aliagiza uchunguzi. Kenya mwaka huohuo, baada ya maandamano ya Juni dhidi ya muswada wa fedha, tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo ilihesabu vifo zaidi ya 60 na watu zaidi ya 80 waliotekwa. Ukimuuliza abiria wa lile basi maana ya usalama hatakutajia fensi wala mchango. Atakuuliza, mtu akija na bunduki na pingu akasema twende, nitajuaje ni askari, na nikishapiga kelele nani atakuja? Mwizi unamwitia mwizi na mtaa unatoka. Huyu unamwitia nini?

Wakenya angalau walijiundia IPOA, chombo cha kuwachunguza polisi kilichoanzishwa kwa sheria ya 2011, kazi yake ni polepole na kesi zilizofika hukumuni ni chache ukilinganisha na malalamiko, lakini kipo na siyo cha polisi. Sisi mwaka 2023 tulikuwa na tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, ikazunguka nchi, ikasikiliza watu, ikapendekeza jeshi la polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Ripoti ikapokelewa Ikulu kwa makofi. Kwa mwananchi wa kawaida ambaye kijana wake hajarudi nyumbani njia zilizopo ni kupanda kwa wakubwa wa askari haohao anaowalalamikia, au kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo ikimaliza kuchunguza inatoa mapendekezo.